Waya Mmoja Umebaki

Kompyuta yangu ina miaka kumi na mitatu.
Umri huo mtoto huota chunusi;
hii imeota vumbi, na kikohozi kikavu.

Nafanya kazi usiku. Natafsiri tamthilia za Kikorea,
mistari miwili miwili chini ya nyuso zinazolia,
ili Kutaisi nzima ilie nayo kesho yake jioni.
Juzi mwanamke aliyeachwa alifungua kinywa
picha ikaganda papo hapo, meno nje,
dakika nne.
Nikamaliza chai nikimsubiri aseme.

Asubuhi mama akaweka kiganja juu ya sanduku.
Miaka thelathini kiwanda cha hariri,
mitambo sitini ikinguruma, naye akijua kwa sikio
upi una njaa ya mafuta.
“Akili haijachoka,” akasema. “Ni pumzi.”

Nikalibeba kifuani hadi kwa Otia, ng'ambo ya mto,
na lari mia saba mfukoni.

“Prosesa mpya haikai kwenye tundu hili,” Otia akasema.
“Ukitaka prosesa, badili bodi mama.
Ukibadili bodi, kumbukumbu zako haziingii,
mkato umesogea upana wa ukucha.
Na ukishafika hapo, dada Nargiza…”
Akatazama dirishani, kama madaktari wafanyavyo.
Nimekuja na kifungo, ananipimia koti.

Ndani ya kioo kulikuwa na kadi ya picha,
feni tatu, taa za zambarau, nzito kama mkate.
Niliitamani, sisemi uongo.
Kisha nikawafikiria wanawake wangu wanaolia:
machozi yao hayadai wati mia tatu.

Nikamweleza Otia neno la mama. Akacheka.
Akachomeka kipimo kwa kucheka vilevile.
Volti kumi na mbili zikasoma kumi na moja na ushei,
zikayumba, zikashuka tena.
Kicheko kikaenda kutafuta bisibisi.

Basi nikachagua hivi:
kisanduku cha umeme, si kile cha bei ya chini,
maana rahisi huungua na jirani zake;
kumbukumbu za mtumba, vijiti viwili vya rika lile lile;
na diski mpya, nyembamba kama biskuti,
isiyo na kitu kinachozunguka ndani.
Prosesa ya zamani ibaki. Tumeipangusa,
tumeipaka dawa mpya ya joto, tone la ukubwa wa punje,
ikakaa kama bibi aliyesukwa nywele.
“Umebaki waya mmoja wa umeme,” akasema Otia.
“Uutunze kwa kitu cha maana.”

Usiku ule mashine iliwaka kabla sijaketi vizuri.
Mwanamke wa Kikorea akasema yote, bila kukwama.
Sikuwa tayari kwa alichokisema.

Saa tisa za usiku, kandambili kwenye ukumbi.
Mama mlangoni, koti juu ya gauni la kulalia.
“Umezimia?”
“Nafanya kazi, mama.”
“Mbona sikusikii?”

Hapo ndipo nilipoielewa ile diski kuukuu,
tak, tak-tak, ikipenya ukuta miaka yote.
Mimi niliita kelele. Yeye aliilalia.
Kiwandani kimya kilikuwa na maana moja:
uzi umekatika, mtu akimbie.

Nikafungua skrubu nne kwa ncha ya kisu.
Nikarudisha diski nzee mahali pake,
nikaichomeka kwenye waya ule uliobaki,
nikaiagiza inakili kazi yangu kila dakika kumi,
mistari ambayo tayari imehifadhiwa kwingine.

Tak.
Tak-tak.

Kitanda cha mama kikalia mara moja, kikatulia.

Otia simwambii.
Ataniuliza ni ya giga ngapi.